Kwa Mwavita, Kabla ya Kutembea Mpaka

Kasongo, jioni

Mwanangu Mwavita, mama,

Umetoka kwenda kuwaaga rafiki zako, na nyumba imepata utulivu ambao itanibidi niuzoee. Betri zote za kamera zimejaa kwenye paneli ya jua. Nimezifunga katika kitambaa kikavu na kuziweka juu ya nguo zako, mahali utakapoziona kwanza. Mambo ya safari siyaandiki. Njia ya Lusangi unaijua, dereva wa pikipiki ni mtu wetu, na ukifika Kabambare mama yako mdogo Riziki atakuonyesha chumba chako na atakueleza habari za majirani vizuri kuliko ningeweza mimi. Ya sala na ya chakula tumeyasema miaka yote hii; kama hayakuingia, barua haitayaingiza.

Ninaandika kwa sababu, nikizungumza juu ya kamera, siwezi kuzungumza tu. Mkono wangu hukimbilia kiwiko chako ili kukirudisha mbavuni, nawe hunyamaza kwa namna ninayoijua, kama mtu aliyejikinga chini ya paa la jirani akingoja mvua ipite. Karatasi haina mkono. Unaweza kuisoma, ukaiweka chini, ukabishana nayo njiani.

Kabla ya kufika Kabambare utashuka katika kile kijiji cha nyuma ya Lusangi, kupiga picha watu wakitembea mpaka wa shamba la Mama Kashindi na la shemeji yake, Sadiki. Familia zote mbili zimekuomba wewe. Kwa nini hazikuniomba mimi, unajua. Lakini unajua kwa jinsi habari hiyo inavyosimuliwa hapa sokoni, pamoja na kicheko chake. Ningependa uijue pia kutoka kwa mtu aliyekuwa ameshika kamera.

Nianze mbali kidogo, kwenye mkono wenyewe.

Niliporudi kutoka chuo kikuu, Kisangani, nilikuwa na shahada ya mawasiliano na maneno mengi. Niliweza kueleza kwa kurasa nyingi namna picha inavyomfanya mtazamaji aamini. Kushika kamera yenyewe nilikuwa sijui. Nilidhani utulivu wa picha unatoka ndani ya mashine, kwamba ukinunua iliyo bora, inayonasa kila jani na kila uzi wa nguo, itatuliza pia mtikisiko wa anayeishika. Kinyume chake ndicho nilichokikuta. Kamera hizi za picha kali haziogopi kumfichua mwenye nayo. Zile za zamani, zenye picha ya ukungu, zilikuwa zikitufichia nusu ya makosa. Hii unayoichukua kesho humwonyesha kila mtu, kwenye televisheni kubwa ya sebuleni, kwamba bibi harusi alikuwa ametulia na mpiga picha alikuwa na homa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la aibu, si la mkono. Niliitwa kwenda Nyangwe, kwenye matanga ya mtu aliyekuwa na watoto ng'ambo, na watoto hao walitaka kumwona mama yao na kusikia maneno yaliyosemwa. Sikuthubutu kumkaribia mama yule. Nilisimama mbali, nyuma ya nguzo ya baraza, nikamvuta kwa lenzi mpaka uso wake ukajaa kioo. Nilijiona mtu wa adabu. Lakini lenzi inapovuta uso huvuta pia kila pigo la moyo wako. Kidole kikisogea kwa upana wa punje, uso mzima unaruka. Watoto walipopata picha, mmoja wao alipiga simu kuuliza, kwa upole, kama siku ile ardhi ilikuwa ikitetemeka.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninaloliamini, na hili bado sijalitilia shaka, ni kwamba lenzi ibaki pana na miguu ndiyo isogee. Ukitaka kuona karibu, nenda karibu. Na kwenda karibu na mtu maana yake ni kumwomba. Ndiyo sababu wengi wetu huvuta picha kwa mbali: si uvivu wa miguu, ni kukwepa kuomba.

Mengine unayajua mwilini kuliko mimi ninavyoyajua katika maneno. Mkanda wa mkono wa kulia ukazwe mpaka kamera isicheze, mkono wa kushoto uwe chini yake kama unapokea bakuli la moto, viwiko vikae mbavuni, magoti yasikazwe. Ukitaka kuzunguka na mtu anayepita, panga miguu yako kuelekea pale utakapomalizia, kisha geuza kiwiliwili peke yake kurudi pale unapoanzia, ili mwili ujifungue taratibu wakati picha inakwenda. Mimi nilikuwa nikifanya kinyume, nikaishia nimejisokota kama kamba, picha ikifika mwisho wake mimi nimeishiwa na pumzi. Jicho moja litazame kioo, la pili litazame njia.

Hapa Kasongo watu husema kwamba msichana aliyezoea kubeba ndoo kichwani hana haja ya kufundishwa kutembea na kamera. Nami nimewahi kulisema hilo, tena kwa majivuno, nilipokuwa nakusifu mbele ya wageni. Sasa sina hakika. Miguu ni ileile, kweli: kisigino hutangulia, unyayo hufuata, kiuno hakipandi wala hakishuki. Lakini ndoo hukaa juu ya shingo, na shingo ni mvumilivu; kamera hukaa mwisho wa mkono, na mkono una hila. Hauanguki ghafla. Hushuka kidogo kidogo bila kukuarifu, mpaka unagundua kwamba kwa muda mrefu umekuwa ukipiga picha viuno vya watu. Kwa ajili hiyo nimekukatia kipande cha kitenge. Kifunge kwenye kamera, kipitishe nyuma ya shingo, halafu isukume kamera mbele mpaka kitambaa kikaze. Kitakubebea nusu ya uzito. Siku ninayotaka kukueleza sikuwa nacho.

Wewe ulikuwa sekondari bado. Mume wa Mama Kashindi alikuwa amefariki, na nduguye Sadiki alikuwa na mashamba upande wa pili. Kabla ya ugomvi wowote kutokea, na hilo tuwashukuru, walikubaliana mpaka utembewe. Unajua desturi ilivyo kule. Anayekumbuka hutangulia, na hakuna anayeruhusiwa kumpita. Kila familia hutembea upande wake, bila kukanyaga ng'ambo. Akifika kwenye alama, jiwe au kichuguu au mti, yule mzee huweka kiganja juu yake na kuuliza: «Munaona?» Nao hujibu kutoka pande zote mbili: «Tunaona.» Jibu likisikika upande mmoja tu, mzee haondoi mkono.

Anayekumbuka alikuwa Mzee Kalonda, aliyewaona baba zao wakigawana. Chefu wa kijiji alipendekeza safari ile ipigwe picha, kwa kuwa mzee hataishi daima na kamera, alisema, haizeeki. Alikuwa amenijua kwenye harusi moja hapa mjini. Nilikwenda kwa furaha. Nilijisemea kwamba hatimaye elimu yangu imepata kazi inayoistahili.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Njia ilikuwa tambarare, jua lilikuwa nyuma yetu, mzee alitembea polepole. Picha ile ukiitazama leo utadhani kamera ilikuwa ikielea majini. Kisha tukaanza kuteremka kwenye bonde la mpunga, na pale kila kitu kikageuka. Udongo ulikuwa na utelezi. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Kwenye kioo nilianza kuona kile nilichokiogopa kuliko vyote, picha inayoruka. Na Mzee Kalonda, akiwa katikati ya mteremko, akasimama.

«Ngoja,» akasema. «Muniache nikumbuke. Hapa kulikuwa muti.»

Kijana mmoja wa upande wa Sadiki akamtania: «Muzee, ama njia imehama?»

«Njia haihami. Ni miguu yenye inazeeka.»

Wakacheka, na Mama Kashindi naye alicheka. Mzee akarudi nyuma hatua kadhaa, akaenda kushoto, akarudi tena, akinong'ona peke yake kwa Kibangubangu. Watu wakaanza kusema wote pamoja. Nami nikaamua kwamba hii haikuwa sehemu ya kutembea mpaka. Ilikuwa mapumziko, kelele, kitu cha kuondoa. Nikabonyeza kitufe. Nikainamisha kichwa, nikafuta lenzi kwa ncha ya kitambaa, nikanyoosha vidole mpaka damu ikarudi. Nilipoinua kamera, walikuwa wamevuka. Mzee alikuwa ameshaweka kiganja juu ya kichuguu cha ng'ambo. «Munaona?» «Tunaona.» Nikaanza tena kupiga, kwa mkono uliopumzika, picha safi kabisa.

Nyumbani niliunganisha vipande vile viwili kwenye kompyuta mpaka usingejua kuna pengo. Nilijivunia. Kila familia ilipewa nakala yake.

Tatizo lilijitokeza baadaye, msimu wa kupanda, wanawe Sadiki walipoteremka bondeni na kuanza kulima kipande kilicho chini ya mchikichi, ambacho Mama Kashindi alikuwa akipanda mpunga tangu kuolewa kwake. Mama Kashindi alisema mpaka unapita upande wa juu wa mchikichi, nacho ni chake; Sadiki alisema unapita upande wa chini, nacho ni chake. Ni kipande chembamba, lakini ndicho chenye maji. Wakasema basi, tuitazame picha. Niliitwa. Televisheni iliwekwa kwenye kiti mbele ya nyumba ya chefu, jenereta ikawashwa, watu wakakaa chini. Tukajiona tena tukiteremka. Tukamwona mzee akisimama na kusema «ngoja». Na papo hapo, bila hatua moja kati, tukawa tuko kwenye kichuguu.

Sadiki aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akanigeukia, si kwa hasira, kwa sauti ya mtu aliyepata mzaha mzuri na hataki kuupoteza.

«Mama wa kamera, hapa tulipita wapi? Ao siku ile tuliruka sawa ndege?»

Mwingine akadakia: «Labda mama alitubeba ku mugongo.»

Kicheko hicho ndicho kilichofika hadi soko la Kasongo. Kilichofuata hakikufika, kwa sababu hakichekeshi. Chefu aliwanyamazisha, akasema: «Mama, achana na mashini. Sema ile yenye uliona.»

Mwavita, mimi nilikuwa pale. Nilikuwa karibu nao kuliko umbali wa sauti. Na sikuwa nimeona. Mzee Kalonda mwenyewe alikuwa amelazwa Kasongo siku hizo, hana nguvu za kuulizwa. Mama Kashindi alinitazama kwa utulivu mkubwa, kama mtu anayejua kwamba jibu liko njiani. Ningeweza kusema mpaka ulipita juu ya mchikichi. Moyo wangu ulisema hivyo, na hata leo unasema hivyo. Lakini moyo haukuwa umetazama. Ulikuwa ukimpenda tu.

«Sikumbuki, chefu,» nikasema. «Nilikuwa naangalia kamera.»

Mama Kashindi akaniambia, kama anayesema na dada yake mkubwa: «Yaya, ulikuwa na macho mbili, na ya mashini ya tatu. Yote tatu haikuona?»

Hakusema kwa ukali. Chefu aliamua kipande kile kisilimwe na yeyote mpaka ukweli upatikane, na mpaka leo hakijalimwa, kimekuwa kichaka. Mama Kashindi hupanda mpunga wake mlimani, kwenye udongo mkavu, na mavuno yake umeyaona mwenyewe alipokuja kwetu mara ya mwisho na kile kikapu alichokiombea radhi kabla hajakitua. Akikosa mvua mwaka huu, atakwenda kuishi kwa binti yake, na shamba litabaki bila mtu wa kulitetea. Hilo ndilo linalokungoja bondeni.

Kwa muda mrefu nilijieleza tukio hili kwa namna moja. Nilisema: nilipenda picha tulivu kuliko picha ya kweli. Ni sentensi nzuri, nimeitumia mara nyingi, hata mbele ya vijana waliokuja kujifunza. Kwa sentensi hiyo, somo ni jepesi: acha mkono utikisike, usizime kamera. Lakini baadaye nilipata nafasi ya kutazama picha alizopiga kijana mmoja kwa simu, kwenye kutembea mpaka kwingine, njia nzima bila kukata. Aliikimbiza simu huku na huku, mara mbinguni, mara kwenye viatu vyake. Haikukatwa popote, na hakuna aliyeweza kuona chochote. Nayo ilitazamwa mbele ya watu, nayo haikusaidia mtu. Kwa hiyo sentensi yangu nzuri haitoshi. Picha isiyotulia inaweza kuwa na pengo tangu mwanzo hadi mwisho.

Nadhani sasa, na nasema nadhani, kwamba nilikosea kuhusu utulivu ni wa nini. Niliutafuta kama mapambo ya picha. Ukiwa mapambo, utauacha au utaukata pale unapokugharimu. Lakini kama utulivu ni kwa ajili ya kuweza kuendelea, yaani kuukaza mwili na kuugawia uzito ili usilazimike kusimama pale njia inapokuwa mbaya, basi kitenge na magoti na pumzi vina maana nyingine. Huenda hata hili ni sentensi nyingine nzuri. Utaijaribu wewe kwenye mteremko.

Kuna jambo linanisumbua zaidi ya hilo, na hili sikulisoma popote. Siku ile tulikuwa watu wengi. Kwa nini hakuna hata mmoja, wa upande wowote, aliyeweza kusema kwa hakika mguu wa mzee ulikanyaga wapi? Zamani, watu walipotembea mpaka bila kamera, walikuwa wakitazama chini kwa njaa. Walijua kwamba wasipoona wao hakuna atakayeona. Sisi tulitania, tulizungumza, tuliangalia mpunga wa jirani. Kila mmoja alijua kuna mashine inayokumbuka kwa niaba yake, na mimi mwenye mashine nilikuwa nikiifuta. Nimejiuliza kama si kamera yenyewe iliyofungua lile pengo, kabla sijagusa kitufe. Sina jibu. Lakini ningekuwa wewe, kabla ya kuanza ningewaambia wazi, pande zote mbili: tazameni kama vile mimi sipo. Wakikucheka, wacheke.

Sasa, baada ya ugonjwa mrefu, mzee amepona, ingawa jicho moja limefifia, na amesema anataka kutembea mara moja zaidi wakati miguu inakubali. Haitakuwapo mara ya tatu. Ndiyo sababu nilikuwa nimeandaa mkoba wangu wiki hii, kama ulivyouona. Nilitaka kuja. Nilijiambia nitakaa pembeni, nitakubebea betri tu. Leo asubuhi ukaniambia, huku ukiukunja mkanda wa kamera bila kunitazama:

«Mama, nikikuona pale, nitaanza kupiga picha vile unapenda wewe. Siyo vile mambo inapita.»

«Basi nibaki?»

«Ubaki, mama. Si kwa ubaya.»

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Nilihisi kile anachohisi kila mzazi, sitakieleza. Lakini nilipokaa na maneno yako, niliona kwamba umesema kwa ufupi kile ambacho kilinigharimu kurasa hizi zote. Kwa macho yangu kuwapo pale, mkono wako ungekuwa na bwana wa pili. Mkoba nimeuondolea vitu.

Basi nina mambo machache tu ya kukuomba, kama mtu wa kazi anavyomwomba mwenzake.

Betri kubwa itatosha njia nzima. Ikiwa haitatosha, mwombe mzee asimame kwenye alama, wakati kiganja chake kiko juu yake na wote wamejibu. Ubadilishe hapo, si katikati ya alama na alama. Ukichoka, ishushe kamera mpaka kifuani, lenzi ikiendelea kutazama mbele, na kidole kikae mbali na kitufe. Bondeni, tembea upande wa chini ya mzee ili uone mguu wake, hata kama nguo zako zitaharibika; familia zote mbili zimeshakuruhusu kuukanyaga udongo wa pande zote, niliuliza. Usimvute kwa lenzi. Uwe karibu naye.

Naye atasimama tena, naamini, palepale. Atasema ngoja. Watu watatania, au safari hii hawatatania. Usiyaone hayo kuwa ni mapumziko. Kusitasita kwake ni sehemu ya kumbukumbu yake kama vile kiganja chake. Akirudi nyuma, rudi naye. Akinong'ona, karibia usikie. Na ikiwa, mwanangu, atafika pale chini ya mteremko akageuka na kusema kwamba hajui tena, kwamba mti haupo na njia imemtoka, basi umpige picha akisema hivyo, kwa mkono uleule uliotulia, mpaka amalize. Itakuwa vigumu. Mama Kashindi atakuwa amesimama karibu yako, na utamsikia akipumua.

Vilevile, akisema mpaka unapita chini ya mchikichi, kipande kikawa cha Sadiki. Nimempenda Mama Kashindi tangu siku aliyoniuliza swali lile bila kunitukana, na ninamwombea maji yale kila siku. Lakini sikutumi ukamletee maji. Mkono utakaotikisika kwa huruma pale, au lenzi itakayogeuka kidogo kumtafuta mwingine wa kumtazama, itamfanyia tena kile nilichomfanyia mimi.

Ukimaliza, usiondoke kijijini na kadi mfukoni. Mimi niliondoka nayo, nikaipeleka kuisafisha, na hapo ndipo picha ilipoacha kuwa yao. Kaa nao siku hiyohiyo, waite Mama Kashindi na Sadiki wakae kitako kimoja mbele ya kile kioo kidogo, na mzee kati yao, na waione nzima kama ilivyo, na matope yake na kelele zake, mpaka kila mmoja aseme ameona. Kisha uwape nakala, upande pikipiki, uende Kabambare kwa mama yako mdogo uanze maisha yako.

Mimi usinitumie. Najua utataka kunitumia usiku uleule, nami najua nitakesha nikiitaka. Usinitumie mpaka wawe wamekwisha kuizoea kuwa ni yao. Wachuuzi wa mpunga hutoka kule kuja sokoni kwetu kila wiki. Nitakwenda kusimama kwenye meza zao kama mnunuzi yeyote, nitauliza bei, na nitawauliza bonde linalimwa na nani.

Mama yako